Vita vya Jabal Akhdhar: Nani Alikuwa na Haki ya Kutia Saini?



Kila inapotajwa Oman na mafuta, huzuka mabishano yale yale. Yuko anayesema vita vya Jabal Akhdhar vilikuwa vita vya mafuta tu, Mwingereza kaona mali kaitamani, basi. Yuko anayesema vilikuwa vita vya Uimamu na dini, na hayo ya mafuta yalitiwa chumvi na watu wa Cairo. Na yuko wa tatu, huyu tunaye wengi humu, anayesema ati yale yalikuwa mambo ya makabila ya Bara Arabu, hayatuhusu sisi tuliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa au Tabora.

Mimi naona kila mmoja kashika kipande. Hoja yangu ni hii: vita vile vilipiganwa kwa sababu ya swali moja la kisheria, nalo ni nani mwenye haki ya kutia saini juu ya ardhi ya ndani ya Oman. Swali hilo liliachwa makusudi bila ya jibu mwaka 1920. Likalala kwa zaidi ya miaka 30. Mafuta ndiyo yaliyoliamsha, na mabomu ndiyo yaliyolijibu. Tulifuate tangu mwanzo.

Kwanza tuiweke ramani sawa, maana wengi hukosea hapa. Jabal Akhdhar, yaani Mlima wa Kijani, ni sehemu ya milima ya Hajar, inayosimama nyuma ya pwani ya Batina. Juu yake, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna tambarare ya Saiq na vijiji vyenye mashamba ya ngazi, makomamanga, mawaridi, na maji yanayopita kwenye mifereji ya falaji. Chini ya mlima kuna miji ya Nizwa, Bahla, Izki, Birkat al-Mawz na Tanuf. Mafuta hayako mlimani hata tone. Yako mbali, kusini-magharibi, jangwani huko Fahud, katika ardhi ya kabila la Duru. Lakini aliyetaka kuchimba Fahud kwa raha zake ilimbidi awe na mkono wake Ibri na Nizwa, na mwenye Nizwa hakuwa na amani mpaka awe na mlima. Ndiyo maana vita vilivyoanzia kwenye mchanga vikamalizikia kwenye majabali.

Sasa turudi nyuma kidogo. Sote tunaujua uamuzi wa Lord Canning wa mwaka 1861, uliotenga Zanzibar na Muscat, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Sisi huusoma uamuzi ule kwa upande wa Unguja tu. Lakini hebu utazameni kwa upande wa pili. Muscat iliyokosa karafuu na ushuru wa Zanzibar ilikuwa ni dola masikini, na Sultan masikini hana askari wa kutosha wa kuyatawala makabila ya ndani. Akazidi kumtegemea Mwingereza wa India. Mwaka 1913 makabila ya ndani yakamchagua Imam wao, Salim bin Rashid al-Kharusi. Mwaka 1915 majeshi ya Imam yaliteremka kuishambulia Muscat, na waliowazuia walikuwa ni askari wa Kihindi wa Mwingereza, si askari wa Sultan.

Imam Salim aliuawa 1920, akachaguliwa Muhammad bin Abdullah al-Khalili. Mwezi Septemba mwaka huo huo ukafanywa mkataba wa Sib. Mwakilishi wa Kiingereza, Ronald Wingate, ndiye aliyekuwa mshenga. Upande wa Imam alitia mkono Sheikh Isa bin Salih al-Harthi, mkuu wa Hirth wa Sharqiya, kabila ambalo ndugu zetu kina Barwani wa Afrika Mashariki ni tawi lake. Masharti yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa: bidhaa za watu wa ndani zisitozwe zaidi ya asilimia 5 zikifika pwani, watu wapite kwa amani, wakimbizi wa sheria warejeshwe, na kila upande usiingilie mambo ya upande wa pili.

Lakini mkataba haukusema kama hizi ni dola mbili au moja. Watu wa Imam waliusoma wakaona wametambuliwa kuwa na nchi yao. Sultan aliusoma akaona ameyapa makabila yake ruhusa ya kujiendesha, na ardhi ni yake. Na Mwingereza, fundi wa maneno kama tumjuavyo, aliridhika kila mtu asome atakavyo. Kwa biashara ya tende na ndimu, mkataba wa namna hiyo unatosha. Watu waliishi nao kwa zaidi ya miaka 30, tena kwa salama kuliko ilivyokuwa kabla yake.

Mambo yakageuka kwa mkataba mwingine. Mwaka 1937 Sultan Said bin Taimur aliipa kampuni tanzu ya Iraq Petroleum Company haki ya kutafuta mafuta kwa miaka 75. Haki hiyo ilihusu pia ardhi ya ndani, ambako Sultan hakuwa na liwali, wala kadhi, wala askari hata mmoja. Hapa ndipo pa kupakazia macho. Sultan kauza ruhusa ya kuingia katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hawezi kuingia. Kampuni nayo imeinunua kwa kuwa haikuwa na mwengine wa kumnunulia ambaye London ilimtambua. Wajiolojia walipojaribu kupita, makabila yaliwazuia, kisha vikaja vita vikuu na mambo yakalala.

Mwaka 1952 akaja mgeni wa tatu. Wasaudi waliingia Buraimi, na nyuma yao ilikuwapo kampuni ya Kimarekani ya Aramco. Jambo ambalo wengi hatulikumbuki ni kwamba wakati huo Imam al-Khalili alisimama pamoja na Sultan. Watu walikusanyika Sohar tayari kwenda kuwatoa Wasaudi, na Waingereza ndio waliomuomba Sultan asimamishe, kwa kuogopa kumuudhi Mmarekani. Mimi huitaja khabari hii kila ninapomsikia mtu akisema Imam na Sultan walikuwa maadui wa milele. Hawakuwa hivyo. Walikuwa watu wawili wenye tafsiri mbili za karatasi moja, na muda wote hapakuwa na kitu cha thamani cha kuwalazimisha kuchagua tafsiri ipi ndiyo ya haki.

Mwezi Februari 1954 kikosi kipya, Muscat and Oman Field Force, kiliteremka Duqm, pwani ya kusini, pamoja na watu wa kampuni. Jeshi hilo liliitwa la Sultan, lakini gharama zake zililipwa na kampuni ya mafuta. Wakiwa bado wanangoja huko, Imam al-Khalili alifariki mwezi Mei. Akachaguliwa Ghalib bin Ali al-Hinai. Mwezi Oktoba kikosi kikafika Fahud, kisha kikaikamata Ibri. Ghalib akaomba Oman ya Imam iingizwe katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Yaani kila upande sasa ulikuwa unatafuta mtu wa nje wa kuithibitisha saini yake.

Oktoba 1955 Wasaudi walitolewa Buraimi. Desemba Nizwa ilitekwa karibu bila ya risasi. Imam Ghalib aliruhusiwa arudi kijijini kwake, ila nduguye, Talib bin Ali, aliyekuwa liwali wa Rustaq, alipigana kisha akakimbilia Saudia. Sultan Said alitoka Salala kwa gari, akavuka jangwa mpaka Nizwa kupokea utiifu. Mwandishi wa Kiingereza James Morris alikuwa katika msafara ule, na kitabu chake, Sultan in Oman, kimesomwa na wengi wetu. Ni kitabu kitamu, lakini msomaji anakifunga akidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Kwanza, mafuta yenyewe hayakuonekana. Kisima cha mwanzo cha Fahud kilianza kuchimbwa Januari 1956, na mwaka 1957 kikaachwa, kikavu. Tafadhalini iwekeni akilini tarehe hiyo. Mwaka ule ule ambao ndege zilianza kuupiga mlima, kampuni ilikuwa haina hata pipa moja la kuuza. Ndiyo maana nasema kauli ya "vita vya mafuta tu" haitoshi. Watu walikuwa wanauana kwa ajili ya haki ya kutafuta kitu ambacho hapana aliyekwisha kukiona.

Pili, Talib alirudi. Alikuwa Saudia na Cairo, akakusanya Waomani waliokuwa wakifanya kazi huko, wakafunzwa silaha. Katikati ya 1957 aliingia Oman kwa siri. Ghalib akatangaza tena Uimamu, na Suleiman bin Himyar, mkuu wa Bani Riyam na mwenye mlima, akaungana nao. Kikosi cha Sultan kilichopelekwa kuwazima kilivunjika. Katika wiki chache bendera nyeupe ya Imam ilikuwa Nizwa tena.

Sultan akaomba msaada wa Mwingereza. Kumbukeni ilikuwa miezi michache tu baada ya fedheha ya Suez. Macmillan hakutaka kuonekana anapeleka jeshi kubwa katika nchi ya Waarabu. Kwa hiyo njia iliyochaguliwa ni ndege. Kutoka Sharja, ndege za Venom zilipiga ngome za Nizwa, Izki, Bahla na nyenginezo kwa roketi, baada ya kurusha karatasi za kuwaonya watu. Mwezi Agosti askari wa nchi kavu, wakiwemo Cameronians na Trucial Oman Scouts, waliiteka Nizwa. Nchi za Kiarabu zililipeleka suala hilo Baraza la Usalama, likakataliwa hata kuingizwa katika ajenda. London ilidhani imemaliza kazi.

Lakini wakuu watatu walipanda mlimani pamoja na watu wao, na mlima haukupandika. Njia zake ni za mtu mmoja mmoja, na wenye bunduki wako juu. Watu wa Imam walikuwa wakiteremka usiku kutega mabomu ya ardhini kwenye barabara, na magari mengi yaliharibika. Hali ikaendelea hivyo kwa mwaka na zaidi.

Sasa tutazame bei. Mwezi Julai 1958 Sultan na Mwingereza walibadilishana barua: Mwingereza atalijenga upya jeshi la Sultan, atatoa ndege na fedha za maendeleo, na Sultan atamuachia uwanja wa ndege wa Masira kwa muda mrefu. Jeshi likapewa mkuu mpya, Kanali David Smiley. Mwezi Septemba mwaka huo huo Gwadar, mji wa ng'ambo ya bahari uliokuwa wa Oman tokea karne ya 18, ulikabidhiwa kwa Pakistan kwa paundi milioni 3. Nchi ambayo bado haijapata mafuta ilikuwa inatoa vipande vya mwili wake.

Na mlimani, ndege za Shackleton zilidondosha mabomu juu ya Saiq na vijiji vya jirani. Falaji zilipigwa. Aliyewahi kukaa Oman anajua maana ya neno hilo. Nyumba ikibomoka hujengwa mwaka ule ule, lakini falaji ikikatika, mtende unakufa, na mtende ni umri wa mtu. Tanuf ulivunjwa katika vita hivi, na magofu yake ya udongo yapo hadi leo. Nimepita pale zaidi ya mara moja. Watalii hupiga picha, mara nyingi bila ya kujua ni nini wanachokipiga picha.

Novemba 1958 kililetwa kikosi cha SAS kutoka Malaya, kilichokuwa kikipigana msituni, na Januari 1959 kikaongezwa cha pili. Usiku wa tarehe 26 Januari 1959 walipanda. Kabla ya hapo wachunga punda waliambiwa kwa siri kubwa kuwa shambulio litatokea Tanuf, na wakuu walijua vizuri kuwa siri aliyopewa mchunga punda haimaliziki siku. Khabari ikafika juu kama ilivyokusudiwa, walinzi wakavutwa upande ule, na askari wakapanda kwa upande mwengine. Hata hao punda wana khabari yao: baadhi yao waliletwa kwa meli kutoka Somalia, kisha wakaonekana wadogo mno kwa mizigo ile. Asubuhi mlima ulikuwa umeshikwa. SAS walipoteza watu 3 katika kampeni yote. Ghalib, Talib na Suleiman walipenya wakafika Saudia. Imam Ghalib alifariki huko huko ugenini mwaka 2009, miaka 50 baada ya kuuacha mlima.

Vitabu vingi vya Kiingereza huishia hapa, kwenye ushujaa wa usiku mmoja. Mimi nasema usiku ule ulikuwa ni mhuri tu. Kilichoshinda ni tafsiri moja ya mkataba wa Sib dhidi ya nyengine. Tangu hapo jina la Uimamu lilibakia Cairo, Dammam na New York, ambako "Suala la Oman" lilijadiliwa mwaka baada ya mwaka katika Umoja wa Mataifa miaka ya 60. Ndani ya nchi hapakuwa tena na mtu wa kuiuliza kampuni: aliyekupa ruhusa ni nani?

Na mafuta? Mwaka 1960 washirika wengi wa kampuni walikata tamaa wakajitoa, wakabaki Shell na Partex. Mafuta yakapatikana Yibal 1962, Natih 1963, na Fahud kwenyewe 1964, mita mia chache tu kutoka kile kisima kilichoachwa kikavu. Meli ya mwanzo iliondoka Julai 1967. Laiti kisima cha 1956 kingechimbwa hatua chache upande wa pili, historia yote ingekuwa na sura nyengine, au labda vita vingekuwa vikali zaidi. Allah ndiye ajuaye.

Sasa namrudia yule ndugu yangu wa tatu, asemaye hayatuhusu. Katika miaka ile ile ya dhiki, Waomani masikini wa ndani waliendelea kuja kwetu kwa majahazi kutafuta riziki. Unguja tuliwaita Wamanga, wenye viduka vya shamba. Katika machafuko ya Juni 1961 waliuawa watu 68, wengi wao Wamanga hao, na Januari 1964 yakawafika makubwa zaidi. Waliokimbia njaa ya nchi moja walikufa kwa siasa za nchi nyengine. Waliosalimika walipotaka kurudi, Sultan Said hakuwafungulia wengi wao mlango.

Mlango ulifunguka baada ya tarehe 23 Julai 1970, alipotawala Sultan Qaboos. Alihitaji watu waliosoma, na wengi waliosoma walikuwa wametoka Afrika Mashariki. Tukaajiriwa wizarani, skuli, hospitali, na khasa katika kampuni ya mafuta, kwa kuwa Kiingereza tulikuwa nacho. Kiswahili kikasikika katika ofisi na kambi za jangwani, Fahud ikiwemo. Mishahara iliyotujengea nyumba na kutusomeshea watoto imetoka katika ardhi iliyogombaniwa na watu wa Nizwa na mlimani. Sisemi kwamba tumekula haki ya mtu. Tulifanya kazi, na serikali ilijenga barabara, skuli na hospitali mpaka huko huko Saiq. Nasema tu kwamba mtu anayekula tende haifai aseme hajui mtende ulipo.

Na lipo la karibu zaidi. Mwaka 1968 mafuta na gesi asilia viliongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano wa Tanzania. Wakati huo hapakuwa na mafuta yoyote ya kugombania Zanzibar, kwa hiyo wengi hawakuona uzito wake. Miaka 40 baadaye, ilipoanza kusemwa kuwa huenda yapo baharini, swali likawa lile lile: nani atie saini? Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilitaka mafuta yatoke katika mambo ya Muungano. Sheria za 2015 na 2016 zikaifungulia Zanzibar njia ya kuyasimamia wenyewe, na Oktoba 2018 ikatia saini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah. Tofauti na Oman ya 1957, huku mambo yamekwenda kwa barazani na kwa kalamu. Hilo si dogo, na tumshukuru Mungu. Lakini wapo wanaosheria wanaosema bado karatasi hazijasomana vizuri, kwamba Katiba inasema hivi na sheria inasema vile.

Hapo ndipo mimi ninapoingiwa na khofu ya mtu aliyesoma khabari za Sib. Mkataba wenye tafsiri mbili hauna taabu maadamu kilicho chini ya ardhi hakina bei. Wazee wa 1920 walikuwa na udhuru, hawakujua nini kilichoko Fahud. Sisi hatuna udhuru huo. Wakati wa kukaa na kuandika kwa lugha isiyokubali kusomwa mara mbili ni sasa, kabla kisima hakijatoa kitu, kwa sababu kikishatoa kila mtu atasoma kwa jicho la mfuko wake.

Wenye hoja nyengine nawakaribisha, na khasa ningependa kuwasikia waliozaliwa Nizwa, Bahla au mlimani kwenyewe, ambao wazee wao walikuwapo.

Wassalaam.